Sikumzaa, Alikuja

Endasak, Hanang
11 Februari 2024

Akonaay mdogo wangu,

Barua yako imefika. Ilishuka parokiani Jumanne, katekista akaipeleka dukani kwa Vicent, Vicent naye akaikalia siku nne, eti alikuwa anaitazama stempu. Mpaka inanifikia ilishashikwa na kijiji kizima, ina harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Lakini imefika.

Mama amenisomesha mara tatu. Mara ya tatu nikajifanya mjanja, nikaruka mistari. Akanishika hapo hapo: "Umeruka. Kuna pale anaposema amepewa koti na mama mmoja." Kumbe ameshaimeza yote kichwani, mimi ni redio tu.

Umeuliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu ni kitochi, haijui kitu zaidi ya tochi. Halafu mama akisikia sauti yako analia mpaka salio linakwisha, shikamoo yako hajaitikia. Barua anaitikia. Marahaba, anasema. Amesema na karatasi.

Shida yako nimeielewa, usinione niliishia darasa la nne. Huko Glasgow umeomba hifadhi. Umewaambia wewe ni Mrundi, ulikimbia mwaka 2015 walipomuua baba yako, na miaka sita uliishi kwetu. Wao wanasema mbona huyu Kiswahili chake ni cha Manyara kabisa, huenda ni Mtanzania anatafuta maisha tu. Wanataka karatasi ya kijiji inayoeleza ulivyoishi huku. Si ndivyo?

Basi karatasi ni hiyo, ndani ya bahasha ya kaki. Nilimfuata mtendaji mwenyewe, Onesphory, nikamkalia ofisini asubuhi nzima mpaka akaona bora aandike kuliko kunisikiliza. Muhuri amegonga mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka nusu. Gundi hakuna, tumefunga kwa ugali. Usifungue! Barua ya ofisi inafunguliwa na ofisi. Wape hivyo hivyo, waone tulivyo na adabu. Maneno yaliyomo ni mazito, nimeyapanga mimi mwenyewe. Wakisoma watakupa na kiti.

Ila nimeshangaa kitu kimoja. Umesema hawakuruhusu kufanya kazi mpaka kesi iishe. Sasa hiyo ni nchi au wodi? Mtu mzima mwenye mikono miwili! Mimi hapa bodaboda, kuchaji simu za watu, jogoo watatu wa kuuza, na Jumamosi naenda Basotu kuchukua perege. Nikipita Masakta bado wananiuliza, "Yule bubu wako yuko wapi?"

Unakumbuka? Mwaka mzima nilikuwa nawaambia wewe ni bubu, usije ukafungua mdomo wakajua lugha yako siyo ya huku. Na samaki walivyokuwa wanatoka! Mama mmoja alinunua perege sita kwa huruma tu. Mpaka siku ile mlevi alipochukua samaki mkubwa akaondoka naye, ukamtukana Kirundi kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Watu wakapiga magoti. "Bubu amepona! Bubu amepona!" Mimi nikasema ni maombi. Siku hiyo tulimaliza ndoo zote mbili.

Salamu kutoka kwa mama, ng'ombe, na mimi.

Dionis Margwe
Mkurugenzi wa pikipiki moja

* * *

Glasgow
20 Aprili 2024

Kaka Dionis,

Mpe mama shikamoo yangu kwanza. Halafu hii isome peke yako, usimsomee.

Nilifanya ulivyosema. Sikufungua. Niliwapa bahasha ikiwa imefungwa na ugali wake, nikajisikia mtu mwenye kwao. Wakaitafsiri. Juzi wamenijibu.

Barua ya mtendaji inasema: "Akonaay Margwe ni mzaliwa wa kijiji hiki, mtoto wa Bi. Oliva Margwe, hajawahi kuwa mgeni hapa, na hakuna mtu anayeweza kusema vinginevyo."

Kaka, maneno hayo ndiyo yamenikataa. Wamesema kijiji chenyewe kimethibitisha mimi ni Mtanzania, kwa hiyo Burundi nimeitunga, na baba yangu nimemuua kwa mdomo ili nipate karatasi. Hivyo ndivyo nilivyotafsiriwa. Nimemuua kwa mdomo.

Nina nafasi moja ya kukata rufaa. Jaji atanisikiliza tarehe 19 Septemba. Nikishindwa, wananipandisha ndege ya Dar es Salaam. Pale uwanjani watatafuta cheti cha kuzaliwa cha Akonaay, hakipo. Watauliza shule aliyosoma, haipo. Halafu watanipeleka mpakani kama Mrundi asiye na kibali, na upande wa pili wa mpaka wanaishi wale wale waliomtoa baba nje. Wawili nawajua kwa majina. Mmoja alikuwa ananishonea kaptula.

Najua mmeongeza chumvi kidogo tu kwenye mlichozoea kusema. Hata mimi nilizoea. Kila aliyeuliza, mama alijibu mimi ni mtoto wa dada yake, na jina la kaka yake marehemu akanipa. Uongo ule ulinifunika miaka sita kama blanketi. Sasa hapa umenifunika mpaka pua.

Yule mama wa koti anaitwa Moira. Alikuwa anafanya kazi posta, amestaafu, sasa anajitolea kwenye kituo cha wakimbizi kutusaidia na makaratasi. Amesema tunahitaji maelezo ya kweli ya mama, kwa maneno yake, yenye dole gumba: kwamba hakunizaa, kwamba nilikuja, lini na nikiwa katika hali gani. Na mtendaji aeleze kwa nini aliandika vile.

Fanya haraka, kaka. Na safari hii, nakuomba, usipange maneno.

Sylvestre Nduwayo
(ndiyo, hilo ndilo jina langu, lizoee)

* * *

Endasak
9 Mei 2024

Sylvestre,

Nimelizoea. Nimelisema njia nzima kutoka Katesh mpaka hapa, abiria wangu akafikiri naomba kwa mtakatifu.

Sina mzaha leo. Ninao kidogo, lakini haunichekeshi.

Nilienda kwa Onesphory nikamwambia barua yetu imekuua. Akafunga mlango, akasema: "Dionis, wewe ndiye uliyeniambia niandike hajawahi kuwa mgeni." Nikasema ndiyo, mzee. "Sasa unataka niandike kwamba mgeni asiye na kibali alikaa kijijini kwangu miaka sita na mimi nimemwandika daftarini? Unataka nifukuzwe kazi, nikalime kwa mikono?" Mke wake ndiye aliyemgeuza. Alikuwa anachambua mchele pale nje, akasema bila kunyanyua kichwa, "Onesphory, kule Katesh tope la mlima liliposhuka ulikuwa unagawa blanketi bila kuuliza mtu cheti." Mzee akaanza kutafuta kalamu. Kwa hiyo yake ipo, ataeleza aliandika kwa kuiamini familia.

Tatizo ni mama.

Ulisema nisimsomee. Ningemficha vipi? Niliposhika bahasha tu akauliza, "Mbona mdomo wako umekauka?" Nikamwambia yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia inatakiwa karatasi, dole gumba, useme hukumzaa.

Akasema, "Hapana."

Nikamwambia mama, ni kweli hukumzaa.

"Najua nilichozaa. Nilizaa wewe, na angalia."

Mama, ni karatasi tu.

"Karatasi tu ndiyo imemfunga huko. Mimi nimkane mtoto kwa dole langu? Mzazi akimkana mtoto kwa kinywa, wazee wanakaa, pombe inapikwa, tunaomba, maneno yanarudishwa. Ukimkana kwa karatasi ikavuka bahari, nitaikimbilia wapi kuirudisha?"

Unamjua. Tangu siku hiyo hasemi na mimi, anasema na ng'ombe kwa sauti ili nisikie. "Kuna watu wanapeleka barua za uongo halafu wanataka wengine wazifute."

Nifanye nini? Mchungaji wa jirani anasema nimwite padri. Padri anasema nimwache. Mimi nimebaki kama boda isiyo na mafuta kwenye mlima.

Dionis

* * *

Glasgow
28 Mei 2024

Kaka,

Usimlazimishe. Mama alinipa vitu vingi bila kulazimishwa, sitaki kimoja kinachotolewa kwa nguvu.

Nikuambie ninavyoishi, maana uliniuliza nikaacha. Tunakaa wawili chumba kimoja, mimi na Mueritrea. Kiingereza chake na changu ukivijumlisha havifikii mtu mmoja, tunaelewana kwa sufuria. Jumanne na Alhamisi nakwenda kituoni darasani. Jumatano wanatuachia jiko tupike vya kwetu. Moira anakaa na miwani yake anafungua barua za serikali za kila mtu, anazipanga: hizi za kujibu, hizi za kutupa, hizi za kulia baadaye. Amenifundisha kusaini. Amenipeleka kwa daktari wa meno. Siku nilipokataliwa hakusema pole, alinipa viazi nimenye. Ndoo nzima. Nilipomaliza nilikuwa naweza kuongea.

Wiki iliyopita zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nikapika makande. Nilisimama pale nikikoroga, dirisha limejaa ukungu, nikasikia kabisa yule jogoo wako mwenye mguu mmoja mbovu. Nilikumbuka tulivyokuwa tunashuka na pikipiki kutoka Basotu, ngano pande zote mbili imekuwa ya manjano mpaka macho yanauma, wewe unaimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya kutangaza samaki. Nilikuwa nimekushika kiunoni, ndoo ya maji ya samaki inanimwagikia mgongoni. Nilinuka. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa naogopa kitu chochote kwa dakika arobaini kila Jumamosi. Nimehesabu. Hakuna mahali pengine.

Hii sehemu msomee mama.

Shikamoo mama. Sikuombi unikane. Nakuomba kitu kingine. Mimi siku ile niliyofika siikumbuki vizuri. Nakumbuka mvua, halafu nakumbuka maziwa. Katikati hapana. Jaji ataniuliza, na mimi sitakuwa na cha kumjibu. Wewe ndiye uliyeniona. Naomba unisimulie nilivyokuja. Basi, hiyo tu. Nisimulie kama ulivyokuwa unasimulia habari za zamani ukikoboa mahindi.

Mwanao,
Sylvestre, unayemwita Akonaay

* * *

Endasak
16 Juni 2024

MAELEZO YA OLIVA MARGWE, MJANE, MKULIMA

(Ninayeandika ni mtoto wake Dionis. Ameniambia niandike kama anavyosema na nisiweke vichekesho.)

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2016. Mwaka ule mvua ilibomoa choo cha shule, wote wanaukumbuka. Tulikuwa tunapanda maharage. Mvua ikatukimbiza nyumbani. Nikaona mtu amesimama kwenye ukuta wa zizi, amejifunika kichwa na mfuniko wa sufuria. Nikadhani ni mwizi wa ng'ombe. Halafu nikasema moyoni, mwizi gani anakuja na mfuniko.

Nikamwita kwa Kiiraqw, hakujua. Nikamwita kwa Kiswahili, akasema "mama." Hilo tu. Alikuwa na shati la shule lenye maandishi ya kwao. Mguu wa kushoto ulikuwa umepasuka kwenye kisigino, umetunga usaha. Alikuwa anatetemeka, lakini mfuniko hakuuachia. Nikamwingiza ndani, nikampa maziwa. Alikunywa akiwa amesimama. Nikamwambia kaa, akakaa mlangoni, miguu nje.

Kwetu mtu akinywa maziwa ya nyumba haulizwi ametoka wapi mpaka aseme mwenyewe. Sikumwuliza. Alisema mwezi wa sita, tukivuna. Alisema watu walikuja jioni wakamwita baba yake jina, baba akatoka na leso mkononi alikuwa anakula. Hakurudi ndani. Mama yake akamwambia chukua sufuria ukimbie, twende tukapike huko tutakakofika. Watu wakakimbia kila upande. Aliposimama alikuta ameshika mfuniko tu, na mama yake hayupo. Mpaka leo anafikiri mama yake alikuwa na sufuria. Hilo alinieleza mara moja, hakurudia, na mimi sikurudia.

Alikaa kambini Kigoma miezi kadhaa. Akatoka kwa sababu aliona mmoja wa wale watu kambini humo. Akapanda malori, akashuka Singida, akatembea. Hivyo ndivyo alivyosema.

Nitawaambia jinsi ninavyojua siyo wa hapa. Tukipanda, alikuwa anahesabu mbegu: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Nilishika kwa sababu tulipanda pamoja mistari mingi. Mtoto wa hapa hahesabu hivyo. Gari la serikali likija zahanati, yeye anaingia mahindini anakaa huko mpaka nikamwite. Nilimwambia hao wanaleta chanjo. Akasema ndiyo mama, halafu kesho anaingia tena. Miaka miwili alifanya hivyo. Mtoto wa hapa haogopi gari la chanjo.

Niliwaambia watu ni mtoto wa dada yangu wa Mbulu. Dada yangu ana mabinti tu. Uongo huo ni wangu, siyo wake. Yeye alinyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze. Nikausema mpaka na mimi nikausahau kwamba ni uongo. Onesphory aliuandika daftarini kwa sababu yangu.

Sikumzaa. Alikuja.

Anayebisha aje aniulize, nipo. Na kama kuna wa kunifunga kwa kumficha mtu, asubiri nimalize kuvuna.

(Dole gumba la Oliva Margwe limewekwa mbele ya Onesphory, mtendaji wa kijiji, na Rahel, mwalimu.)

* * *

Endasak
16 Juni 2024, jioni

Sylvestre,

Karatasi ya mama ndiyo hiyo, ya Onesphory iko nyuma yake. Safari hii gundi ni ya kweli, mwalimu Rahel alikuja nayo.

Mama alipomaliza kusema alitazama dole lake lenye wino, akaenda kuliosha, akaosha, akaosha. Halafu akarudi akaniambia, "Na wewe andika lako." Nikasema lipi? "Nimekuzaa wewe. Nakusikia ukiwa umenyamaza."

Basi naandika.

Onesphory wakati ule, mwezi wa pili, aliniuliza swali moja. Aliniuliza, "Dionis, huyu kijana akionekana ni wa hapa, si watamrudisha?" Nikamwambia andika tu, mzee, ni kumsifia. Nikacheka. Unanijua ninavyocheka.

Nilijua, Akonaay. Sikujua habari za cheti na mpakani, naapa kwa pikipiki yangu ambayo ndiyo kitu pekee nilicho nacho. Nilifikiri watakupandisha ndege, utashuka, utachukua basi la Katesh, halafu siku moja nipo kituoni nasubiri abiria naona unashuka na koti la yule mama. Mimi nikuambie, "Bubu, panda." Hiyo tu ndiyo niliyokuwa naiona kichwani.

Tangu uondoke, Basotu naenda peke yangu. Ndoo ya pili naifunga nyuma kwa mpira, inapiga kelele njia nzima. Watu wanasema Dionis ana furaha sana, anaimba. Naimba nisiisikie ile ndoo.

Sasa umejua. Ukitaka kunitukana Kirundi, anzia kichwani.

Dionis

* * *

Glasgow
11 Novemba 2024

Kaka Dionis,

Nimeshinda.

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, najua. Jaji alisikiliza tarehe ile ile, jibu likachukua wiki sita, halafu mimi nikachukua zangu.

Nikuambie ilivyokuwa. Chumba kidogo, siyo kama nilivyofikiri, kina meza na mashine ya maji. Jaji ni mwanamke, ana mafua. Mwanasheria wa serikali alisema familia iliyoandika uongo mara ya kwanza inaweza kuandika uongo mara ya pili. Nikaona ameshinda. Kweli kabisa, hata mimi ningesema hivyo. Jaji akachukua maelezo ya mama akayasoma tena, kimya, sisi wote tunamtazama. Alipofika pale kwenye kumaliza kuvuna akatoa sauti kidogo, sijui ni mafua. Akaniuliza swali moja tu: "Huyu mama anapataje faida kwa kusema haya?" Mkalimani akatafsiri. Nikasema hapati. Anapoteza. Akasema, "Ndivyo ninavyoona na mimi," akaandika.

Wamenipa ukimbizi, miaka mitano, na ruhusa ya kufanya kazi. Moira alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Kituoni wakapika. Mueritrea wangu alilia kuliko mimi. Wiki ijayo Moira ananipeleka kwenye kiwanda cha mikate kuomba kazi. Ameniandalia na karatasi ya kujieleza, ameniuliza nilikuwa nafanya kazi gani zamani, nikasema bubu.

Lakini usiku huo kaka, sikuweza kufurahi vizuri. Karatasi ya ushindi ina kurasa kumi na moja, na zote zinathibitisha jambo moja: Endasak siyo kwetu, Oliva siyo mama yangu, wewe siyo ndugu yangu. Limeandikwa, limegongwa muhuri. Nimepewa maisha kwa kuthibitisha sina watu.

Sasa lile lako. Nilikasirika. Wiki mbili nzima nilikasirika, niliandika barua tatu nikachana. Halafu nikakumbuka kitu ambacho sikukuambia. Ile siku ya mwezi wa nne waliponiambia nimekataliwa, nitarudishwa Tanzania, kabla sijaogopa kuna kadakika kamoja nilifurahi. Niliiona barabara ya Katesh. Niliona mlima umevaa wingu lake. Nikasema moyoni, basi narudi nyumbani. Halafu akili ikaja, nikawakumbuka wale wa upande wa pili wa mpaka.

Kwa hiyo kosa ulilolifanya wewe, mimi nililitamani. Nitakutukanaje?

Mwulize mama kama amenisamehe kwa kumwoshesha dole lile. Mimi siwezi kumwuliza. Nimeshinda, lakini ndiyo hivyo, sijui tena nimwandikie kama nani.

Sylvestre

* * *

Endasak
15 Desemba 2024

Akonaay,

Barua imesomwa. Mara tano. Kijiji kizima kinajua kuna jaji mwenye mafua. Vicent anadai ushindi umetokana na yeye kuilinda ile ya kwanza.

Onesphory alitaka mambo yanyooke kabisa, akachukua daftari la wakazi, rula na kalamu nyekundu, akaja nalo mpaka nyumbani ili mama aone kwa macho yake. Akakata mstari juu ya jina lako. Mama akasema, "Nionyeshe ni lipi." Akamwonyesha. Akasema, "Umemaliza?" Onesphory akasema nimemaliza mama, sheria imetimia. "Haya, kunywa chai."

Onesphory akanywa, akaondoka. Mimi nikaona mama amevaa buti zangu.

Nikauliza mama, unakwenda wapi? "Shambani. Njoo na toroli." Nikasema trekta la Yohanes linakuja kesho kulima, tunakwenda kufanya nini leo? "Ndiyo maana tunakwenda leo."

Tukafika. Akaanza kupima kwa hatua, kutoka kwenye mgomba wa jirani mpaka korongoni, anahesabu kwa sauti. Unajua alikuwa anahesabu vipi? Siwezi kukuambia, utalia ukiwa kazini na mikate itaungua. Akafika katikati akasimama, akakanyaga. "Hapa. Upande huu wako, upande wa juu wa yule."

Nikasema mama, yule nani?

Akaokota kijiti, akakichomeka pale alipokanyaga.

Nikamwambia, mama, mimi ndiye niliyeandika kwa mkono wangu, ukasema hukumzaa, ukaweka dole, mtendaji akaweka muhuri, jaji wa Ulaya akakubali, na leo asubuhi jina limekatwa na kalamu nyekundu. Sasa unamkatia shamba kwa lipi?

Akasema, "Kwani hili shamba nililizaa? Beba jiwe."

Nimebeba. Mawe manne, jiwe la tatu limenibonda kidole cha mguu, kucha imekwenda. Nimeyafukia nusu, yanaonekana. Yohanes amelima jana, dereva akauliza kwa nini kuna mpaka mpya, mama akamwambia ana watoto wawili.

Kwa hiyo mkimbizi wewe umekaa huko unakula mikate, huku umeninyang'anya nusu ya urithi, na nusu yenyewe ndiyo yenye udongo mweusi. Njoo tuzungumze kiume. Njoo na viza, gongewa muhuri pale uwanjani kama mgeni, sisi hatujali. Mimi nitakuwa Katesh kituoni.

Kuhusu swali lako kwa mama, sikumwuliza. Nimeona nikubebee mawe kwanza.

Dionis Margwe
Jirani yako wa upande wa chini